Je, Wajua? Njiti na Kijiko Chake cha Kwanza

Katika vilima vya Itumbe, Kaunti ya Kisii, majani chai huchumwa mwaka mzima, na mama aliyejifungua hurudi shambani mapema kuliko anavyopenda. Akirudi, mtoto hubaki na nyanya yake, na hapo swali la chakula huanza kuulizwa. Kwa mtoto aliyetimiza siku zake tumboni, jibu linajulikana kila nyumba anayopita mhudumu wa afya ya jamii: maziwa ya mama pekee hadi miezi sita, kisha chakula juu ya maziwa. Kwa njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito, jibu hilo halitoshi. Jirani humwangalia, humwona kama kifaranga, na kusema: huyu ni mdogo mno, mpeni uji apate nguvu. Nia ni njema kabisa. Lakini udogo wake ndio unaotutaka tusubiri zaidi, na siku ikifika, tumpe kilicho bora kuliko uji mwepesi.

Njiti si wachache. Mwaka 2020 walizaliwa takriban milioni 13.4 duniani, mtoto mmoja katika kila 10. Kila kijiji kina wake.

Je, wajua kwamba njiti ana umri wa aina mbili?

Wa kwanza huhesabiwa tangu siku aliyozaliwa. Wa pili huhesabiwa tangu siku aliyopaswa kuzaliwa, wiki ya 40, nao madaktari huuita umri uliorekebishwa. Tuchukue kalenda. Mtoto amezaliwa tarehe 1 Machi, mimba ikiwa ya wiki 30. Amewahi kwa wiki 10. Siku yake halisi ingekuwa tarehe 10 Mei. Tarehe 1 Septemba watu wa nyumbani watasema ametimiza miezi sita, nao hawajakosea. Ila kwa shingo yake, ulimi wake na tumbo lake, huyo ni mtoto wa chini ya miezi minne. Miezi sita ya umri uliorekebishwa ataitimiza tarehe 10 Novemba.

Tofauti hiyo hupungua kadiri mtoto alivyokaribia kutimiza siku. Aliyezaliwa wiki ya 36 hupungukiwa na wiki nne tu, na mara nyingi hakuna anayegundua. Aliyezaliwa wiki ya 28 anapungukiwa na wiki 12. Akipewa chakula kwa hesabu ya kawaida, atakuwa amelishwa uji akiwa na umri ambao hata mtoto aliyetimiza siku hulala tu na kutazama dari.

Hesabu hii ndiyo itumike pia kuangalia ukuaji: kuweka alama ya uzito kwenye kitabu cha kliniki, kumtarajia akae, atambae, asimame. Huendelea hivyo hadi afike miaka miwili hivi. Mama akiona mstari wa mtoto wake uko chini sana kwenye chati, jambo la kwanza ni kumuuliza muuguzi ni umri upi uliotumika.

Lakini chanjo hazingoji

Hapa wengi hujichanganya. Chanjo hufuata tarehe aliyozaliwa, si umri uliorekebishwa. Zile za wiki 6, 10 na 14 njiti huzipata wiki ya 6, 10 na 14 tangu azaliwe, maadamu afya yake imetulia, na ya surua na rubela huja miezi tisa tangu azaliwe. Magonjwa hayajui kwamba aliwahi. Kwa hiyo kitabu kimoja cha kliniki kina hesabu mbili ndani yake, na ni vizuri tarehe zote mbili ziandikwe kwa kalamu kwenye ukurasa wa kwanza.

Je, wajua kwamba India walijaribu kuanza mapema, na walichopata ni vitanda vya hospitali?

Mwaka 2017 jarida la *Lancet Global Health* lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali tatu za umma nchini India. Watoto 403 waliozaliwa kabla ya wiki 34 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilianza chakula katika miezi minne ya umri uliorekebishwa, jingine likangoja hadi miezi sita. Hoja ya kuanza mapema ilionekana kuwa na mantiki: mtoto alizaliwa mwembamba, basi ashibishwe upesi aufikie uzito wa wenzake.

Walipotimiza miezi 12 ya umri uliorekebishwa, uzito wa makundi yote mawili haukutofautiana. Tofauti ilikuwa kwingine. Walioanza mapema walilazwa hospitalini mara nyingi zaidi, wengi kwa kuhara na kwa maradhi ya kifua. Miezi miwili ya uji wa mapema haikuongeza uzito wowote uliobaki, bali huenda ilifungua mlango wa maji machafu, mikono isiyonawiwa na vikombe vilivyokaukia juani bila kuchemshwa.

Nchi tajiri hazisemi sawasawa na hivi. Nchini Uingereza, shirika la Bliss linalohudumia familia za njiti huwaambia wazazi waanze kuangalia dalili za utayari kati ya miezi mitano na minane tangu kuzaliwa, na wasianze kabla mtoto hajatimiza miezi mitatu ya umri uliorekebishwa. Tofauti hii ina sababu zake. Nyumba yenye maji safi ya bomba na jokofu inaweza kuanza mapema bila kulipa gharama ileile. Maji yanayotoka kwenye chemchemi bondeni na kubebwa kwa mtungi mlimani yanafanana zaidi na hali ya wale watoto wa India. Ningekuwa mzazi wa njiti Itumbe, ningelenga miezi sita ya umri uliorekebishwa, na kama daktari anayemjua mtoto akitaka tuanze kabla ya hapo, ningemtaka anieleze kwa nini.

Kuchelewa nako kuna hatari. Baada ya miezi sita hiyo maziwa peke yake hayamtoshi tena, na mtoto aliyezaliwa akiwa na akiba ndogo hana cha kutegemea.

Dalili zinazodanganya na zisizodanganya

Kula ngumi si dalili ya njaa ya uji. Kuamka usiku pia si dalili. Kutazama sahani ya baba kwa macho makubwa ni udadisi tu.

Kuna moja inayowadanganya hata wazoefu. Njiti wengine wakibebwa hujikaza mgongo kwa nyuma na kunyoosha miguu kama wanaotaka kusimama, na watu husema mtoto ana nguvu, yuko tayari. Mara nyingi ni misuli ya mgongo iliyokaza kupita ile ya mbele, hali inayotokea kwa waliozaliwa mapema sana, na mtoto wa hivyo hawezi kumeza vizuri akiwa amejipinda. Dalili za kuaminika ni hizi: shingo imesimama bila kuyumba, anaweza kukaa akishikiliwa kiunoni, anafumbua mdomo kijiko kinapokaribia, na ulimi wake hausukumi nje kila kinachowekwa juu yake. Ulimi wa mtoto mchanga husukuma vitu nje kwa silika, ili asipaliwe. Silika hiyo hufifia kati ya miezi minne na sita, na kwa njiti miezi hiyo ni ile ya umri uliorekebishwa.

Je, wajua kwamba kunyonya ni kazi tatu zinazopokezana?

Kunyonya, kumeza na kupumua lazima vipokezane, na mpangilio huo huanza kukomaa kati ya wiki ya 32 na 34 ya ujauzito. Aliyezaliwa kabla ya hapo hulishwa kwa mpira mwembamba unaopita puani au mdomoni hadi tumboni. Baadaye huhamia kikombe kidogo, kisha titi. Mama huyakamua maziwa yake na kuyapima kwa mililita, na katika wiki za mwanzo maziwa ya mama wa njiti huwa na protini nyingi kuliko ya mama aliyejifungua kwa wakati. Mama akishindwa kupata ya kutosha, ya mama mwingine yaliyopimwa na kupashwa moto huweza kumfaa. Kenya ilifungua benki yake ya kwanza ya maziwa ya mama katika Hospitali ya Pumwani, Nairobi, mwaka 2019.

Mdomo uliozoea mipira, bomba la kupumulia na plasta shavuni hukumbuka. Baadhi ya njiti hukataa kijiko miezi kadhaa baadaye, hutapika kwa kuguswa ulimi tu, hugeuza uso. Huyo si mkaidi, na haifai kulazimishwa. Aachwe ashike kijiko kitupu, alambe kidole cha mama chenye tone la maziwa, ayajue mambo haya kwa hiari yake. Siku akifumbua mdomo mwenyewe, mama amepata zaidi ya tumbo lililoshiba.

Walichokiona wageni Ugusii mwaka 1955

Kati ya 1955 na 1957, Wamarekani Robert LeVine na Barbara LeVine waliishi miongoni mwa Abagusii, wenyeji wa Kisii, wakichunguza malezi ya watoto. Kijiji walichokichunguza walikipa jina la Nyansongo, na kitabu chao kilitoka mwaka 1966. Waliandika kwamba *erongori*, uji wa wimbi, ulianza kupewa mtoto akiwa bado mchanga sana. Mama aliukinga mkono wake chini ya mdomo wa mtoto, akaumimina uji kiganjani, na mtoto akikataa alimbana pua ili apokee uji anapotafuta pumzi.

Ni rahisi kwa msomaji wa leo kushtuka na kuwalaumu wahenga. Mimi siwalaumu. LeVine alirudi katika miaka ya 1970 na timu iliyokuwa na madaktari wa watoto, na kazi hiyo ikazaa kitabu *Child Care and Culture* mwaka 1994. Hoja yao ilikuwa kwamba wazazi wa Ugusii walipanga malezi ya mtoto mchanga kuzunguka jambo moja: aishi. Mtoto alilala ubavuni mwa mama, alibebwa mchana kutwa, alinyonya kila alipolia, na alinyonya kwa muda mrefu. Uji nao ulikuwa sehemu ya mpango huo, katika nyakati ambazo kumzika mtoto lilikuwa jambo la kawaida.

Kilichobadilika ni kwamba sasa njiti wanaishi. Mtoto wa kilo moja na nusu ambaye zamani asingefika wiki ya pili, leo anatoka hospitalini na kufika nyumbani, tena mikononi mwa bibi aliyelea wanawe kwa njia ile. Na kwa njiti njia ile ina hatari maalum. Mapafu yake mara nyingi yameshapata misukosuko, na uji unaoingia wakati anatafuta pumzi huweza kuingia kwenye mapafu. Bibi akielezwa hivyo kwa heshima, na akaonyeshwa jinsi kikohozi cha kupaliwa kinavyogeuka nimonia, huelewa upesi kuliko tunavyodhani, maana alichokitaka tangu mwanzo ni kilekile: mtoto aishi.

Na lipo jambo ambalo desturi ile iliitangulia dunia. Kumweka mtoto mwilini, ngozi kwa ngozi, ndiko kulikokuja kuwa huduma ya kangaruu, iliyoanzishwa na Edgar Rey Sanabria huko Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu mashine za joto hazikutosha. Utafiti uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kuianza mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja mtoto atulie, hupunguza vifo vya watoto waliozaliwa na uzito mdogo kwa asilimia 25. Katika baridi ya vilima vya Kisii, kifua cha mama ni joto lisilokatika stima.

Je, wajua kwamba madini ya chuma hupakiwa katika miezi mitatu ya mwisho?

Hapa ndipo kiini cha jambo lote. Mtoto anayetimiza siku huzaliwa na akiba ya madini ya chuma ya kumtosha takriban miezi sita, na sehemu kubwa ya akiba hiyo, kama asilimia 80, humfikia katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Njiti ameondoka kabla gari halijamaliza kupakiwa. Kisha anakua kwa kasi, damu yake inaongezeka, na kidogo alichonacho kinagawanywa zaidi. Akiba yake huweza kuisha katika miezi miwili au mitatu. Maziwa ya mama yana madini ya chuma machache, ingawa mwili huyachukua vizuri.

Upungufu huo haujazwi kwa uji wa miezi mitatu. Hujazwa kwa matone ya dawa. Shirika la Afya Duniani hupendekeza njiti wanaonyonya maziwa ya mama wapewe madini ya chuma, na kwa wadogo zaidi, wa chini ya kilo 1.5, kipimo ni miligramu 2 hadi 4 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kuanzia wiki ya pili hadi miezi sita. Kwa maneno mengine, mama anayesubiri umri uliorekebishwa hamnyimi mtoto chochote, mradi matone yanaendelea. Anayesubiri bila matone anamnyima.

Kuna namna nyingine ya kuongeza akiba, nayo haina bei: mkunga kungoja angalau dakika moja kabla ya kubana kitovu, ili damu iliyobaki kwenye kondo imwendee mtoto.

Lakini matone hayo yasinunuliwe duka la dawa kwa kukisia. Kisiwa cha Pemba kilifundisha dunia nzima hili. Mwaka 2002 na 2003 utafiti mkubwa uliwapa maelfu ya watoto wadogo wa Pemba madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki. Ilipofika Agosti 2003 sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa. Watoto waliopewa walikuwa na ongezeko la asilimia 12 la kulazwa au kufa wakilinganishwa na wenzao. Pemba ya wakati huo ilikuwa na malaria kali, na inaonekana chuma kingi mwilini mwa mtoto asiyekihitaji kilimpa ugonjwa nafasi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006, na tangu hapo ushauri ni kwamba penye malaria, madini ya chuma yaende pamoja na chandarua, vipimo na matibabu ya haraka. Nyanda za juu za Kisii nazo zina historia ya milipuko ya malaria. Dozi ipangwe kliniki, kwa uzito wa mtoto wa siku hiyo.

Chai: zao la nyumbani lisilofaa kikombe cha mtoto

Itumbe ina kiwanda cha chai chenye jina lake, na hakuna mgeni anayeingia boma bila kupewa kikombe. Ndiyo maana jambo hili linapaswa kusemwa wazi. Tanini za chai hushikana na madini ya chuma ya nafaka, maharagwe na mboga, na kikombe kimoja kinachonywewa pamoja na mlo huweza kupunguza kwa zaidi ya nusu kiasi ambacho mwili ungekichukua. Kwa mtu mzima mwenye damu ya kutosha si neno. Kwa njiti aliyeanza maisha na akiba nusu, vijiko viwili vya chai ya maziwa na kipande cha mkate asubuhi ni hasara ya kila siku, tena vimeshajaza tumbo lisiloweza kubeba kingi. Mama mjamzito naye ni heri anywe chai yake saa moja au zaidi baada ya kula.

Tunda hufanya kinyume chake. Pera lililopondwa, chungwa, au karakara baada ya mlo huusaidia mwili kuchukua madini ya chuma ya mboga.

Je, wajua kwamba uji mwepesi ni maji yenye rangi?

Wimbi ni nafaka ya huku kwetu. Ilianza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, kati ya Ethiopia na Uganda, maelfu ya miaka iliyopita, na gramu 100 za punje zake zina kalisi zaidi ya mara mbili ya iliyomo kwenye maziwa ya ng'ombe ya uzito huohuo. Mifupa ya njiti, ambayo nayo ilikatizwa kujengwa, inaihitaji.

Tatizo ni maji. Unga wa wimbi ukipikwa huvimba, na mpishi anayetaka uji unywewe kwa kikombe hulazimika kutia unga kidogo na maji mengi. Mtoto anakunywa, tumbo linatuna, analala. Tumbo la mtoto wa kilo sita hubeba kama mililita 180 kwa mara moja, na likijaa maji halina nafasi ya kingine. Kati ya miezi 6 na 8 chakula kinapaswa kumletea takriban kalori 200 kwa siku juu ya maziwa, na uji wa kuteleza kama chai hauwezi.

Jibu moja lilifanyiwa kazi Tanzania katika miaka ya 1980, na Taasisi ya Chakula na Lishe ikishirikiana na watafiti wa Uswidi: kimea. Namna yake bibi yeyote anayejua kutengeneza pombe ya kienyeji anaifahamu. Wimbi huoshwa na kulowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa, punje zikatandazwa kwenye kitambaa chenye unyevu na kufunikwa. Siku ya pili au ya tatu machipukizi meupe yametokeza. Punje huanikwa juani hadi zikauke kabisa, machipukizi yakafikichwa na kupepetwa, kisha punje zikasagwa. Sasa pika uji mzito, mzito hasa, ambao kijiko kinasimama. Ukiwa bado moto, tia kijiko kimoja cha unga wa kimea na ukoroge. Katika dakika chache uji unalegea mbele ya macho yako bila tone la maji kuongezwa. Urudishe jikoni uchemke tena, ndipo upoe. Mtoto anameza kwa urahisi uji wenye unga mara mbili au tatu ya ule wa kawaida. Kimea pia hupunguza zile asidi za kwenye nafaka zinazozuia madini ya chuma. Tumia wimbi, si mtama, kwa sababu mtama unapochipua hutengeneza sumu kwenye mizizi na machipukizi yake. Na punje yenye ukungu itupwe.

Neno la ukungu linaenda mbali zaidi. Mwaka 2004 watu 125 walikufa Makueni, Kitui na maeneo jirani kwa mahindi yenye sumukuvu. Ndiyo maana siupendi unga wa uji wa mchanganyiko wa nafaka saba, nane, na njugu ndani yake, unaouzwa kwa sifa nyingi sokoni. Mnunuzi hawezi kujua njugu zile zilikaaje ghalani. Afadhali wimbi moja unalolijua, na kingine kiongezwe wakati wa kupika.

Hicho kingine ndicho muhimu. Kituo cha lishe cha Mwanamugimu kilipoanzishwa katika Hospitali ya Mulago, Kampala, katika miaka ya 1960, akina mama walifundishwa *kitobero*: ndizi, maharagwe au njugu, samaki au nyama, na mboga, vyote vikapikwa pamoja na kupondwa. Kisii ina ndizi kila uani. Ziwa Victoria haliko mbali, na omena ni bei ya mtu wa kawaida. Omena mkavu akisafishwa, akakaangwa bila mafuta na kusagwa hadi akawa vumbi, kijiko kimoja kwenye ndizi iliyopondwa humpa mtoto madini ya chuma ambayo mwili huyachukua bila mabishano, pamoja na zinki. Kipande cha ini kilichopikwa kikaiva na kupondwa kitafanya kazi hiyohiyo. Yai, parachichi lililoiva, na majani machanga ya *chinsaga* (mgagani) yaliyochemshwa na kupondwapondwa navyo vinafaa. Asali isubiri mwaka mmoja, kwani huweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mchanga hadi ashindwe kupumua.

Kwa kuanzia, vijiko viwili au vitatu vinatosha, mara mbili kwa siku, kwa bakuli lake mwenyewe. Unene uwe wa kukaa kwenye kijiko kikiinamishwa, si wa kutiririka. Titi linabaki palepale. Akikohoa kila mlo, midomo ikigeuka rangi, jasho likimtoka akila au akichoka kabla ya kumaliza vijiko vitatu, mlo usimamishwe naye apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii iko mjini kwa wanaohitaji kuonwa zaidi.

Njiti hakukosa utamu wote

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, Julie Mennella na wenzake huko Philadelphia, Marekani, waliwapa wanawake wajawazito maji ya karoti katika miezi mitatu ya mwisho. Watoto wao walipoanza kula, waliupokea uji wenye ladha ya karoti kwa uso mkunjufu kuliko wale ambao mama zao walikunywa maji matupu. Ladha ya chakula cha mama hufika tumboni, na mtoto huionja kabla hajazaliwa. Njiti amekosa wiki nyingi za shule hiyo. Ila utafiti uleule ulikuwa na kundi la tatu, la mama waliokunywa karoti wakinyonyesha, na watoto hao nao waliikubali ladha.

Desturi ya Ugusii ya kumpa mzazi *chinsaga* baada ya kujifungua, mboga chungu iliyolainishwa kwa maziwa, ilikusudiwa kumrudishia damu. Yawezekana inamfundisha mtoto pia. Mama wa njiti anayekula *chinsaga* na *rinagu* (mnavu) akiwa ananyonyesha anamtayarisha mwanawe kwa sahani ya nyumbani.

Mabonge yasichelewe

Jambo la mwisho mara nyingi husahaulika kwa kumhurumia mtoto. Kwa hofu ya kupaliwa, njiti huendelea kupewa vilivyolainishwa hadi mwaka wa pili. Utafiti wa Uingereza uliofuatilia maelfu ya watoto waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuta kwamba walioanza kupewa chakula chenye mabonge baada ya miezi tisa walikuwa wagumu zaidi kulisha, na hata walipofika miaka saba walikula matunda na mboga kidogo zaidi. Kwa njiti hesabu hiyo pia ni ya umri uliorekebishwa. Mtoto wetu wa tarehe 1 Machi, akila bila kupaliwa, aanze kukutana na mabonge laini mwezi Januari: ndizi iliyopondwa kwa uma badala ya kuchujwa, kiazi kitamu, ugali laini uliochovywa kwenye mchuzi wa omena. Akae wima, akitazamana na anayemlisha, na asiachwe peke yake na bakuli.